Siku Moja Maishani Mwangu: Kazi ya Kukata Nyasi za Nyumbani

Saa 12:00 asubuhi. Kazi yangu huanzia kwenye kisu cha mashine ya kukatia nyasi, wala si kwenye nyasi zenyewe. Kabla sijakigusa nachomoa waya wa plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha injini, maana kisu kikizungushwa kwa mkono injini inaweza kushtuka na kuwaka. Kisha nailaza mashine ubavu, upande wa chujio la hewa ukiwa juu ili oili isiingie humo, na kunoa kwa tupa nikifuata mteremko ule ule wa makali yaliyokuwapo. Nikimaliza, nakitundika kisu kwa tundu lake la katikati kwenye msumari ulio ukutani: upande unaoinama ndio mzito, nao hupigwa tupa tena mpaka kisu kikae sawa, kwa kuwa kisu kisicho na uwiano huitetemesha mashine na kuuchakaza mhimili wa injini.

Kisu butu hakikati jani, bali hulichana. Ncha hubaki na nyuzinyuzi ambazo baada ya siku chache hukauka na kuwa za kijivu au kahawia, maji hupotea kupitia hapo, na magonjwa ya ukungu hupata mlango. Nimekuta watu wakizimwagilia nyasi za namna hiyo kila jioni wakidhani zina kiu, kumbe dawa ilikuwa tupa.

Saa 3:00. Umande umeshakauka. Nyasi zilizolowa hulala chini ya mashine, hukatwa bila usawa na kugandamana chini ya bamba linalofunika kisu, na udongo uliolowa hushindiliwa na magurudumu hadi mizizi ikose hewa. Nazunguka uwanja nikiokota mawe, vijiti na vipande vya waya, kisha navaa buti na miwani ya kukinga macho.

Saa 3:30. Mwenye nyumba anatoka na ombi ninalolisikia karibu kila mahali: "Fundi, zishushe kabisa, zisikusumbue tena mwezi huu." Namwambia, "Mama, tukizishusha leo zitaungua." Nyasi zake zimefika sentimita 12, na kanuni ninayoifuata ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Jani ndilo linalotengeneza chakula cha mmea. Likiondolewa karibu lote, nyasi hutumia akiba yake kuchipua upya huku mizizi ikisimama kukua, na jua linalopenya hadi udongoni huziotesha mbegu za magugu zilizokuwa zimelala. Kwa hiyo leo nakata hadi sentimita 8, na baada ya siku chache nitarudi kuzifikisha 6. Anakubali, ingawa si kwa furaha.

Urefu huo naupima kwa rula sakafuni, kutoka chini hadi kwenye makali ya kisu, kwa sababu namba zilizoandikwa kwenye wenzo wa kupandisha na kushusha kisu siziamini sana. Safari iliyopita nilikata kwa mistari ya mashariki–magharibi. Leo nakata kaskazini–kusini, ili nyasi zisizoee kulala upande mmoja na magurudumu yasichimbe njia zile zile. Kila mstari unapanda kidogo juu ya uliotangulia.

Saa 6:00 mchana. Jua ni kali. Nazima mashine na kupumzika, na nyasi nazo hazipendi kukatwa katika joto hili.

Saa 9:30. Nyumba ya pili ina mti mkubwa, na nusu ya uwanja haipati jua la kutosha. Chini ya mti napandisha kisu kwa sentimita 2, kwani jani la kivulini linahitaji eneo kubwa zaidi la kunasa mwanga. Mzee wa hapa anataka mabaki yote yakusanywe kwa reki. Namsihi tuyaache: ni mafupi, yametawanyika, na sehemu kubwa yake ni maji, hivyo huoza haraka na kurudisha naitrojeni ardhini, kiasi cha kupunguza mbolea anayonunua. Pale yanapolala kwa mafungu ndipo nayasambaza, kwa kuwa fungu likikaa huzinyima mwanga nyasi zilizo chini yake. Ningekuta madoa ya ugonjwa, ningeyakusanya yote bila kubishana.

Saa 11:00 jioni. Injini imepoa. Nachomoa tena waya wa plagi, nakwangua nyasi zilizoganda chini ya bamba kwa kijiti na kulipangusa bamba hadi likauke. Nyasi zinazobaki humo hushika unyevu, huleta kutu, na zinaweza kuhamisha vimelea vya ukungu kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Mwisho naandika kwenye daftari urefu wa kila uwanja na mwelekeo wa mistari, ili safari ijayo nisikate kwa njia ile ile.