Kivuko kilikuwa kinanifichia ugonjwa wa gari

Kwa miaka mitatu niliamini gari langu halina tatizo lolote. Ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, limeshapita mikono kadhaa kabla ya kufika kwangu, na karibu kila mwisho wa mwezi nalipeleka Sengerema kwa mama. Safari ilikuwa ileile: natoka Luchelele, hapa Mwanza, napita Buhongwa na Usagara, nafika Kigongo, nazima injini, nasubiri kivuko. Siku ikiwa njema, nusu saa. Siku ikiwa mbaya, unamaliza mahindi mawili ya kuchoma na habari zote za dereva wa gari la mbele, na kivuko bado kiko Busisi, ng'ambo.

Juni 2025 Daraja la JPM, la kutoka Kigongo hadi Busisi, likafunguliwa. Kilomita 3 juu ya maji, dakika chache uko ng'ambo. Mara ya kwanza nilivuka napiga honi kama niko kwenye msafara wa harusi. Mara ya pili, nimeshaiacha Busisi na napandisha kuelekea Sengerema, nikaona mshale wa joto umepita nusu na unaendelea kupanda. Kumbe miaka yote ile foleni ya Kigongo ndiyo ilikuwa inalipumzisha gari. Ugonjwa ulikuwepo siku nyingi.

Nikaegesha pembeni. Kijana wa bodaboda akaja mbio, kitambaa mkononi: "Braza, tufungue mfuniko tuongeze maji!" Nikamdaka mkono. Huku kwetu ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ndani ya rejeta iliyofungwa, kwa mgandamizo wa mfuniko ulioandikwa 0.9, yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko, mgandamizo unaondoka, sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo na kuyarusha mengine yakiwa ya moto, usoni kwako. Tulikaa chini ya mti zaidi ya dakika 40, mpaka mpira wa juu wa rejeta ukawa unashikika kwa mkono. Ndipo nikafungua, nikaongeza maji kidogo kidogo injini ikiwa inaunguruma.

Nikarudi Mwanza taratibu, na hapo ndipo nilipoanza kupoteza hela.

Fundi wa kwanza hakuuliza hata swali moja. "Bosi, thamostati ni ya nchi za baridi, huku tunatoa." Akaing'oa, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Nilikubali kwa sababu kila mtu anasema hivyo. Matokeo yake, asubuhi mshale ulikuwa haunyanyuki mpaka nikaribie mjini, mafuta yakaanza kuliwa, na barabara kuu gari likaendelea kuchemsha vilevile. Baadaye nilielewa. Kwenye injini hii thamostati ina kisahani cha nyuma: ikifungua njia ya rejeta, kisahani kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kuonja rejeta. Yaani umetoa kifaa ili gari lipoe, ukalipunguzia kupoa.

Wa pili akaunga feni moja kwa moja, ikawa inazunguka kuanzia nawasha mpaka nazima. Hakuna kilichobadilika. Wa tatu akasikiliza injini, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya: gasketi ya silinda hedi imeungua, shilingi 450,000, hedi ishushwe, ikachongwe.

Kwa bei hiyo, nikaamua kwanza nikae mwenyewe na gari langu.

Nilichukua daftari la mwanangu nikaandika gari linachemsha lini na lini halichemshi. Foleni ya Buzuruga saa 8 mchana: halichemshi. Limesimama linaunguruma dakika 20: halichemshi. Kilomita 80 kwa saa, tambarare: mshale unapanda polepole. Kilima, au tukiwa watu wanne: unapanda haraka. Nikipunguza mwendo, unashuka. Ukurasa ule mmoja ulinisaidia kuliko gereji tatu. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa barabarani, mara nyingi tatizo ni feni, kwa sababu kwenye mwendo upepo wenyewe unafanya kazi yake. Langu lilikuwa kinyume. Lilizalisha joto jingi kuliko lilivyoweza kulitoa, basi ama maji hayapiti vizuri, ama hewa haipiti.

Gasketi nilianza nayo, maana ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi. Asubuhi, injini baridi kabisa, nikafungua mfuniko na kuwasha: hakuna mapovu yanayopanda mfululizo. Mpira wa juu nikaubinya kabla ya kuwasha, laini. Ungekuwa mgumu wakati gari limelala usiku kucha ningeogopa. Stiki ya oili safi, hakuna rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe hakuna. Siku tatu nilirudia, na kulanti, yaani maji ya rejeta, haikupungua. 450,000 ikabaki mfukoni.

Mkanda wa pampu ya maji ulikuwa umekaza. Mpira wa chini niliutazama wakati mwanangu akikanyaga mafuta. Wakati mwingine mpira huo unanyonywa mpaka unalala bapa, wa kwangu ulikaa imara. Feni niliirudisha kwenye waya zake, kisha nikachomoa soketi ya swichi ya joto: kwenye gari langu ukiichomoa feni inaanza yenyewe. Ikaanza. Rilei, ile swichi ya umeme ya feni, nzima; feni nzima.

Thamostati mpya niliipima jikoni, mke wangu akinitazama kwa jicho la "hiyo sufuria utaninunulia nyingine". Imegongwa namba 82, nyuzi inazopaswa kuanza kufungukia. Nikaining'iniza kwa uzi ndani ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Ya kwanza niliyouziwa haikufunguka hata maji yalipochemka. Nikairudisha dukani, tukazozana, wakanibadilishia. Ya pili ilianza kuachia kwenye 83. Hiyo ndiyo niliyofunga.

Ilibaki rejeta. Kwa macho ilikuwa safi, nilikuwa naipiga maji kila nikiosha gari. Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayechomelea rejeta pale Mabatini. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, akapitisha kiganja taratibu juu ya mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, kama anayetafuta homa kwa mtoto. "Ng'wanawane, joto liko sawa kote. Maji yanapita." Akaniambia niwashe, feni ikaanza kuvuta, akachana kipande cha gazeti akakiweka mbele, juu ya kondensa ya AC, ile kama rejeta nyingine inayokaa mbele ya rejeta. Pembeni kulia kiliganda. Katikati kikaanguka. Akaokota, akaweka tena, kikaanguka tena. Akanitazama. "AC yako inapoza?" Nikasema haipozi vizuri, nilidhani gesi imeisha.

Akafungua boliti za juu, akaisukuma kondensa mbele kidogo. Nyuma yake, kwenye uwazi ule mwembamba kabla ya rejeta, palikuwa na blanketi. Sina neno jingine. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda jioni kama moshi juu ya maji, miaka na miaka ya wadudu, wamegandamana na vumbi na nyuzi za nyasi, unene wa kidole. Mimi naishi karibu na ufukwe, naendesha usiku nimewasha taa, na taa ndizo zinazowaita. Maji niliyokuwa nayapiga kwa mbele yalikuwa yanaloanisha tu na kukandamiza zaidi.

Alilitoa kwa brashi laini, kisha akapitisha maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kuja mbele. Mpira wa kuoshea magari alikataa, alisema unalaza mapezi. Lile blanketi likaanguka vipande vipande chini, na kuku wa jirani wakaja wakaanza kudonoa kwa fujo. Gazeti sasa likaganda kila mahali. Akanitoza 15,000.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa watu wanne na gunia la mchele. Daraja tulilivuka bila kusimama, kilima cha baada ya Busisi nikakipanda macho yako kwenye mshale kuliko barabarani, nakiri. Ulikaa chini kidogo ya nusu, haukusogea. Tulipofika nilishuka na kufungua boneti kwanza, nikaweka mkono karibu na rejeta.

"Shikamoo mama," nikasema bila kugeuka.

"Marahaba. Umekuja kunisalimia mimi au hilo gari?"