Ndoo ya nne imegoma kutakata

Oktoba, Jumamosi ya kwanza

Nimeifungua ndoo ya nne ya bia ninayojipikia nyumbani leo asubuhi, na sina hamu ya kumwonyesha mtu. Ladha haina kasoro, uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, umekaa mahali pake, ila ukiimimina kwenye glasi utadhani nimekuwekea togwa. Weupe wake ni ule wa maji yaliyooshewa mchele. Ndoo tatu za mwanzo, za shayiri tupu, zilijitakasa zenyewe ndani ya wiki mbili bila kuguswa. Hii ndiyo ya kwanza niliyoingiza mtama: kilo tatu za kimea cha shayiri, kilo moja na nusu ya unga wa mtama mweupe kutoka soko la Majengo.

Mtama siuachi. Dodoma hii mtama uko kila kona, wakati kimea cha shayiri kinanifikia kwa basi na bei yake inauma. Na kabla hujaniambia kwamba pombe ya mtama tangu enzi hunywewa nzito na machicha yake, najua, naipenda vilevile. Hii lakini nataka niione ikimeremeta. Ni ubishi tu.

Oktoba, wiki ya pili

Wiki nzima nimekusanya dawa za kung'arisha. Jelatini ilikuwa rahisi, ipo kwenye maduka ya vifaa vya keki, na niliyopata ni ya ng'ombe. Bentonaiti, ule udongo laini wa kijivu, nimemegewa kikopo na jamaa anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mvinyo. Huku kwenye zabibu wanaijua sana. (Wachimba visima nao wanayo, ila ile ni ya kuchimbia. Usiingie tamaa.)

Ya tatu ndiyo iliyonifurahisha. Waingereza kwa miaka mingi wameng'arisha bia za mapipa kwa isinglasi, na isinglasi ni bondo la samaki, ule mfuko wake wa hewa wa tumboni, lililokaushwa, basi. Mabondo tunayo! Nikampigia shemeji yangu wa Mwanza anitumie kipande cha bondo la sangara. Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena: "Shemeji, bondo watu wanapigania kuuza nje, wewe unataka kulizamisha kwenye pombe?" Akatuma hata hivyo.

Jirani alishauri mbegu za mlonge. Si ushauri wa kipuuzi, kwani kule Sudan akina mama wa kandokando ya Nile wametuliza maji ya mto kwa mbegu hizo miaka na miaka. Ila mimi nina bia, na ladha ya mlonge sitaki kuikuta ndani yake.

Kanuni yenyewe ni ya chaji za umeme. Chembe za hamira zina chaji hasi. Jelatini na bondo zina chaji chanya, kwa hiyo zinazidaka, zinashikamana, zinakuwa nzito na kuzama. Bentonaiti ni hasi, yenyewe inadaka protini.

Oktoba, wiki ya tatu

Chupa nne za maji za lita moja na nusu, zimeoshwa, zimejazwa bia ileile, zote kwenye friji. Ya kwanza haina kitu. Ya pili jelatini: kijiko kimoja cha chai kwa lita 20 ndicho kipimo changu, hivyo nililoweka kijiko kwenye mililita 200 za maji baridi, nikayapasha hadi nyuzi 65 bila kuyachemsha, nikachukua mililita 15. Ya tatu bentonaiti iliyolowekwa usiku kucha. Ya nne bondo.

Kwenye bondo nimejiharibia mwenyewe. Linatakiwa lilowe kwenye maji baridi yenye asidi kidogo kwa siku kadhaa mpaka lilainike. Mimi siku ya pili nikachoka kusubiri, nikaliweka jikoni. Likayeyuka vizuri sana, na hapohapo likaacha kuwa isinglasi. Ukilipasha moto bondo unapata jelatini. Kwa hiyo nina chupa mbili za jelatini, moja ya bei ya sangara.

Siku tatu baadaye: chupa ya bentonaiti ina mashapo mepesi yanayotifuka ukiigusa tu. Za jelatini zimeshusha hamira, chini kuna tabaka gumu safi. Na juu? Weupe uleule kwenye zote nne.

Hapo ndipo nilipopaswa kuanzia. Nimenunua iodini famasi, nikamwaga vijiko viwili vya bia kwenye sahani nyeupe, nikadondoshea tone. Bluu iliyokolea, karibu nyeusi. Wanga! Si hamira, si protini. Na wanga hauna habari na jelatini wala bondo.

Kosa liko siku ya kupika. Nililoweka kila kitu pamoja kwa nyuzi 65. Joto hilo linatosha kufungua wanga wa shayiri, lakini wa mtama unataka kama 68 hadi 78, na ukipandisha hadi huko vimeng'enya vya kimea, vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vinakufa kabla ya kumaliza kazi. Mtama wangu uliingia mbichi ukatoka mbichi.

(Sahani nimeimwaga. Yenye iodini hainywewi.)

Novemba, ndoo ya tano

Safari hii mtama umeanza peke yake. Unga kilo moja na nusu, maji lita sita, konzi moja ya kimea kilichosagwa ili usinigeukie ugali, kisha uji ukachemka nusu saa. Huku maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 kwa sababu ya mwinuko, lakini kwa mtama inatosha na kubaki. Uji wa moto nikaumimina kwenye shayiri iliyokuwa imelowa kwa nyuzi 50, jumla ikatulia kwenye 66. Baada ya saa moja na robo, tone la iodini lilibaki na rangi yake ya kahawia. Nilirudia mara mbili kwa kutoamini.

Nikachuja, nikaichemsha supu yake, na dakika kumi za mwisho nikatia mwani wa Zanzibar, ule wa kotonii, nimeuosha chumvi na kuusaga, robo tatu ya kijiko cha chai. Wazungu hutumia mwani wa bahari zao baridi, ila kinachofanya kazi ni karajini, ule ute wa mwani unaogandisha, na kotonii inayo ya aina hiyohiyo. Supu ilikatika kama maziwa yaliyoingia ndimu, madonge yakaenda chini.

Siku ya 14 friji nyuzi 3, siku mbili, jelatini, siku mbili nyingine. Umeme ulikatika mara moja, saa tano, nikakaa na friji kama na mgonjwa.

Chupa 26 za nusu lita, rangi ya asali mpya, kidole kinaonekana upande wa pili wa glasi mpaka mistari yake. Shemeji kapiga kuuliza bondo lake limefikia wapi. Kipande kilichobaki mama watoto alishakitia kwenye mchuzi.