Mkono wa katikati

Ukili wa bibi, ule utepe mrefu wa ukindu uliosukwa ambao ndio hushonwa ukawa mkeka, ulikaa darini miaka sita kabla sijauteremsha. Mwenyewe alikuwa ameukunja mviringo kama gurudumu na kuufunga kwa kamba ya usumba, na tangu tulipomzika hapakuwa na mtu aliyethubutu kuufungua. Mama alikuwa akisema utashonwa siku itakapopatikana sababu. Sababu niliileta mie, mwezi wa Oktoba 2022, nimeshika simu ya mpwa wangu.

Kwenye simu ile mlikuwa na picha ya kapu. Limesukwa kwa singa za farasi, jepesi hata unaona upande wa pili kama uonavyo kupitia chandarua. Aliyelisuka ni mwanamke wa Korea Kusini, Dahye Jeong, na mwaka ule lilikuwa limempatia tuzo ya ufundi ya Loewe Foundation, wakfu wa Hispania, yuro 50,000, katika maonyesho yaliyofanyika Seoul. Mpwa wangu alinisomea habari yote, nami nikamwambia arudie. Ufundi wenyewe ulikuwa wa kusukia kofia za wanaume zama za wafalme wao, karne nyingi nyuma, na mwanamke huyo ni mzaliwa wa Jeju, kisiwani. Waamuzi wa tuzo hiyo walikuwa wamempa heshima maalumu pia Andile Dyalvane, mfinyanzi wa Afrika Kusini.

Mie nimezaliwa kaskazini mwa Pemba, si mbali na Konde. Nilikuwa nikijua mashindano ya ngalawa, ya baiskeli, ya kuhifadhi Kurani. Kwamba kapu nalo linaweza kupelekwa mbele ya waamuzi, likazungukwa, likapimwa kwa macho na watu waliokaa kwa kazi hiyo tu, sikuwahi kulisikia hilo. Mikeka yetu tulikuwa tukiiuza kwa mfanyabiashara aliyekuja na gari, akaihesabu kama anavyohesabu nazi.

Mpwa wangu akatafuta, akapata la karibu zaidi: maonyesho ya kazi za mikono Unguja, Mji Mkongwe, kazi 24 zitakazochaguliwa na waamuzi watatu, na zawadi kwa itakayoshinda. Siku ya mwisho ya kuomba ilikuwa imebaki wiki saba.

Nikapanda darini.

Ukili wa bibi ulikuwa umegeuka rangi. Ukindu mpya ukishaanikwa juani vizuri huwa mweupe, lakini huu ulikuwa umeiva, una umanjano wa samli. Nilipoupima kwa mikono nilipata pima tisa. Chane zake zilikuwa nyembamba kuliko zote nilizowahi kuzichana mie, na ukipitisha kidole huhisi mahali chane moja ilipokwisha nyingine ikaunganishwa. Mama aliutazama, akasema pima tisa hazitoshi mkeka, na hapo hapo akavuta jamvi lake akaanza kuchana. Hakusema kitu kingine. Kwa wiki tano alisuka pima nane, mie tano, baina ya shamba na jiko na watoto. Zetu tulizitia rangi, zambarau na kijani, kwa kuwa weupe mpya ukiuweka karibu na ule wa zamani huonekana kama kiraka. Za bibi nikazipanga katikati, zetu ubavuni, nikashona kwa shazia mpaka vidole vikafanya sugu. Ulipokamilika ulikuwa sentimeta 196 kwa 118.

Sentimeta hizo ilitubidi tuazime futi ya fundi cherehani, maana sisi hupima kwa mkono na shibiri. Fomu haikutaka mkono wala shibiri. Ilitaka urefu, upana, uzito, mwaka wa kutengenezwa, malighafi, jina la kazi. Jina la kazi! Nilimuuliza mama, akajibu, "Si mkeka?" Nikaandika "Mkeka".

Picha zilitusumbua kuliko kusuka. Waamuzi wa mashindano kama haya, duru ya kwanza hawaioni kazi yenyewe, wanaona picha tatu nne na maelezo mafupi, basi. Kazi ya miezi inakatiwa shauri kwa picha inayotazamwa pengine nusu dakika. Ya kwanza tuliipiga uani saa sita mchana, jua likaila zambarau yote. Ya pili tuliutandika kitandani, ikaonekana foronya. Mwisho tulitundika shuka jeupe ukutani barazani, asubuhi, kivulini, tukautungika mkeka mbele yake, mpwa wangu akapiga moja ya mkeka mzima, moja ya pindo kwa karibu, moja ya katikati ambapo rangi zinakutana. Ile ya tatu ilikuwa nzuri hata mimi niliustaajabia mkeka kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kila fundi mwenzangu anayeniuliza leo aanzie wapi, namjibu aanzie kwenye shuka jeupe na kivuli cha asubuhi.

Halafu tukafika mahali pa jina la msanii.

Mstari ulikuwa mmoja. Chini yake palikuwa na maneno kwamba kazi iwe imetengenezwa na mwombaji mwenyewe, ndani ya miaka mitatu iliyopita. Mpwa wangu alinitazama. Mama alikuwa jikoni, namsikia anapuliza moto. Nikamwambia kijana aandike jina langu. Na pale palipotaka maneno 150 ya kueleza kazi, nikamsomea mwenyewe, aandike: kwamba ukili wa katikati nimeuacha bila rangi kwa makusudi, nikauivisha taratibu mpaka ukapata umanjano ule, ili macho yapumzike. Maneno hayo yalinitoka bila kukwama. Mpwa wangu aliandika yote, akaenda Konde kutuma kwa sababu huko mtandao haukatiki. Mama sikumwambia nilichoandika, naye hakuuliza; alijua tu kwamba mkeka "umepelekwa".

Baada ya wiki tatu likaja jibu kwamba umechaguliwa.

Nilishuka Mkoani nikapanda meli ya usiku, mkeka nimeuviringisha ndani ya gunia safi, nimelala nao ubavuni kama mtoto. Ukumbi ulikuwa wa nyumba ya zamani, kuta nene, madirisha marefu. Kulikuwa na milango midogo ya nakshi, kofia za vito, vikapu, vyungu, shanga. Mkeka wangu waliutungika ukutani, na pembeni yake kikaratasi kigumu: jina langu, "Mkeka", ukindu, 2022, na sentensi moja waliyoichukua kwenye maelezo yangu, ile ya kuivisha ukili taratibu. Niliisoma nikaondoka pale upesi, nikaenda kutazama kofia.

Waamuzi walipita siku ya pili, milango imefungwa, mafundi tumesimama kila mtu karibu na kazi yake. Wawili walikuwa wanaume, wakauliza bei, wakauliza rangi nanunua wapi. Wa tatu alikuwa mama wa makamo, mfumaji wa vitambaa, amejifunga mtandio, miwani ameiteremsha puani. Huyo hakuuliza. Aliomba mkeka uteremshwe, ukawekwa juu ya meza ndefu, akaupindua. Mie mwenyewe sikuwahi kuona mgeni akiupindua mkeka. Mfanyabiashara wetu hutazama juu tu. Akapitisha ncha ya kidole kutoka pindo la kushoto, polepole, safu kwa safu, amefumba macho. Alipofika zambarau inapokutana na ule wa manjano akasimama.

"Hapa mkono umebadilika," akasema.

Sikujibu. Akaendelea, akaivuka ile ya manjano yote, akasimama tena upande wa pili.

"Na hapa tena. Huu si mkono wa kule." Akafumbua macho. "Mna watu watatu humu, mwanangu. Nani na nani?"

Ningeweza kumwambia kwamba mkono wangu ndio uliochoka. Nililifikiria, sitaficha. Lakini alikuwa amekwisha kuusoma mkeka kwa kidole kama mtu anavyosoma barua, na sikuona namna ya kumdanganya mtu aliyesoma. Nikamwambia yote: bibi, darini, miaka sita, pima tisa, nane za mama, tano zangu. Nikamwambia na ile sentensi iliyoko ukutani kwamba si kweli, kwamba hakuna aliyeuivisha ukili ule ila miaka yenyewe. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, na yule fundi wa milango aliyesimama jirani aliangalia pembeni kunisitiri, Mungu amlipe.

Walikwenda kando wakazungumza. Walichukua muda. Aliporudi yule mfumaji, alinieleza kwa upole lakini bila kuzunguka: sharti ni sharti, mkeka hauwezi kuingia kwenye kushindania zawadi, kwa sababu sehemu yake ni ya zamani na si yangu. Ila ukutani utabaki, wakikubali wenzake, na wamekubali. Akaniomba kalamu. Akakata ile sentensi kwa mstari mmoja, kisha akanipa karatasi mpya niandike mwenyewe majina, kwa mpango nitakaoutaka. Niliandika la bibi kwanza.

"Sharti lile sikulitunga mie," akasema nikiwa naandika, "na kwa kazi kama hii naliona baya. Mkeka gani unasukwa na mtu mmoja?" Akanihesabia kwa vidole mialiko ambayo mafundi huweza kuomba, akanitajia soko la sanaa za jadi la Santa Fe, kule New Mexico, Marekani, linalofanyika tangu 2004, ambako wanaoomba huchujwa vilevile lakini vikundi na ushirika wanaruhusiwa kuomba kama vikundi. "Soma fomu nzima kabla hujaandika neno," akasema. "Na wakikuuliza nani kafanya, uliza na wewe: mna nafasi ya majina mangapi?" Nimeliuliza swali hilo mara nne tangu siku ile. Mara mbili waliongeza mistari.

Bado kuna jambo alilolisema ambalo nililibeba mpaka nyumbani. Alikuwa anakaribia kuondoka, akaurudia mkeka, akaugusa tena pale pa manjano.

"Mkono wa katikati ndio mzuri kuliko yote miwili," akasema. "Usikasirike."

Sikukasirika hata kidogo.

Zawadi ilichukuliwa na mfinyanzi mmoja, kwa haki kabisa. Chungu chake nilikitamani. Maonyesho yalipokwisha nilirudi kuuchukua mkeka. Mtu mmoja alikuwa ameacha namba ya simu na bei ambayo ingetuezekea nyumba nusu yake. Namba niliichukua kwa adabu, sikupiga.

Nilifika nyumbani asubuhi, mama anafagia uani. Nilikuwa nimejipanga njia nzima nimweleze vipi habari ya uongo wangu, na nikamweleza, nimesimama, gunia bado mkononi. Alisikiliza ameegemea ufagio. Nilipomaliza hakuuliza habari ya zawadi wala ya uongo.

"Huyo mwanamke," akasema, "aliutambua kwa kidole?"

"Kwa kidole, mama. Kafumba macho."

"Na kasema wa katikati ndio mzuri?"

"Kasema hivyo."

Akauweka ufagio chini. Akaniambia niutandike mkeka palepale, nami nikautandika upande wa nyuma juu, kama alivyofanya yule mama. Akapiga magoti, akapitisha kiganja kwenye zile pima tisa, akarudi akapitisha tena, polepole, kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Kwenye safu moja, karibu na mwisho wa ile ya manjano, akatua. Akaubonyeza ukili kwa kidole gumba, akanishika mkono, akaniwekea kidole changu pale alipokitoa chake.

"Hapa," akasema. "Unausikia ulivyolegea? Hapa ndipo alipoanza kuumwa."