Saa saba za Senje

Niliondoka New York Jumamosi saa sita na nusu mchana, nikatua Nairobi Jumapili saa tatu na nusu asubuhi. Miaka 11 sijaonekana nyumbani, na swali la kwanza la Senje, shangazi yangu, hata chai sijaimaliza, likawa: umekaa angani saa ngapi?

"Kumi na nne, Senje. Moja kwa moja, bila kutua popote."

Akahesabu kwa vidole, akarudia. "Mbona mimi napata ishirini na moja?"

Kusema kweli nilitaka kumsimulia mengine. Kwamba nilipoondoka mwaka 2013 ilibidi nibadilishe ndege Amsterdam, maana hii ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York ilianza Oktoba 2018. Kwamba ni takriban kilomita 11,800, na kwamba kwenda Marekani huchukua kama saa nzima zaidi kuliko kuja, kwa sababu kule juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi: ukija unakusukuma, ukienda unakupinga kifuani. Nilitaka pia kumwambia jinsi nilivyosubiri Nairobi saa nne kwa ajili ya ndege ya Kisumu ambayo haikai angani hata saa moja. Na ziwa! Ndege ilipoinama juu ya ghuba nikaona gugumaji limetandaa kama shamba, nikasahau kufunga mkanda mpaka nikakemewa.

Lakini Senje alikuwa bado kwenye hesabu yake. Saa saba zimekwenda wapi?

Mpwa wangu wa kidato cha pili ndiye aliyeniokoa. Akachukua chungwa, akalichoma njiti mbili, moja New York, moja hapa kwetu Luanda, Vihiga, akalizungusha polepole mbele ya taa ya sola. "Ona, Senje. Hapa jua limeshafika, kule bado giza. Kila digrii 15 ni saa moja." Mimi ninayeishi na tofauti hiyo kila siku, ninayejua kutopiga simu nyumbani nikitoka kazini jioni, sikuwahi kuieleza vizuri hivyo. (Na alasiri hiyo hiyo nilikuwa nimepita ikweta pale Maseno ndani ya Probox, watu wanne kiti cha nyuma, wala hakuna aliyegeuza shingo.)

Senje akalichukua lile chungwa, akaling'oa njiti, akaanza kulimenya.

"Kwa hiyo wamekukata saa saba."

"Nikirudi nitazipata," nikamwambia. "Unaondoka Nairobi karibu usiku wa manane, saa 15 angani, unafika kule asubuhi tu, saa moja hivi."

Akanipa nusu ya chungwa. "Basi ziache huko huko."