Siku moja kitaluni kwa mitiki, kabla ya masika

Saa 11:30 alfajiri. Nikishaswali nakunywa chai ya rangi, najifunga khanga ya kazi na kwenda kitaluni. Tuko Muheza, mkoani Tanga, si mbali na msitu wa mitiki wa Longuza. Ni mwanzoni mwa Machi, joto halina huruma, na kila mwenye shamba anatazama mawingu. Kwetu wenye vitalu, huu ndio wakati kazi mbili kubwa zinapokutana: kung'oa miche ya mwaka jana na kusia mbegu za mwaka ujao.

Saa 12 asubuhi. Tunayatoa magunia ya katani kwenye pipa. Mbegu zimelala majini usiku kucha, sasa tunazimwaga sakafuni na kuzitandaza kwa reki. Zitapigwa na jua hadi jioni, kisha zirudi majini. Usiku maji, mchana jua, kwa siku kumi hadi wiki mbili.

Mteja mgeni akiona haya hudhani tunapoteza muda. Lakini kile tunachokiita mbegu ya mtiki kwa kweli ni tunda zima, ukubwa wa gololi, lenye ganda gumu kama kokwa. Ndani mna vyumba vinne, na mara nyingi mbegu hai ni moja au mbili tu. Kulowa na kukauka kunalilegeza lile ganda na kuosha vitu vinavyozuia uotaji. Ukisia bila kuziandaa, utamwagilia udongo mtupu.

Hata India, kwenye asili yake, mbegu hii iliwasumbua watu. Miaka ya 1840 huko Nilambur, Kerala, utawala wa Kiingereza ulitaka kupanda mitiki kwa sababu mbao za meli zilikuwa zikipungua, na mbegu zikagoma. Aliyefanikiwa kuziotesha ni ofisa mwenyeji, Chathu Menon. Baadhi ya mitiki ya wakati ule bado imesimama. Namheshimu sana mtu yule, kwa kuwa najua alikuwa anapambana na nini. Huku kwetu mti wenyewe uliletwa na Wajerumani mwaka 1898, ingawa mbao zake, msaji, mafundi wa majahazi na milango ya Pwani walishazijua zamani kutoka Malabar, pwani ya India.

Saa 2. Kumwagilia. Napita kwenye tuta lililosiwa kabla ya mwaka mpya, na leo tena nakuta machipukizi mapya pembeni ya miche yenye majani mapana. Hili ndilo ningependa kila anayeanza alijue. Mtiki hauoti kwa pamoja. Wa kwanza hutokeza baada ya wiki mbili hivi, wengine mwezi, wengine miezi. Nusu yake ikiota, shukuru. Watu wengi hulifumua tuta wiki ya tatu na kumlaumu aliyewauzia, kumbe mbegu zilikuwa bado njiani.

Jambo la pili ni jua. Wengi wamezoea kuweka chanja la makuti juu ya kila kitalu. Mtiki hautaki. Unataka joto na mwanga tangu siku ya kwanza, na ukiufunika unarefuka ukiwa mwembamba, hauna nguvu.

Saa 3:30. Chai na muhogo wa kuchemsha, haraka haraka.

Saa 4 hadi saa 7. Visiki. Kazi hii naipenda kuliko zote. Tunang'oa miche ya tutani yenye shingo, pale shina linapokutana na mzizi, nene kama kidole gumba, kisha kwa kisu kikali tunakata shina, tunabakiza sentimita mbili au tatu juu ya shingo. Mzizi mkuu tunauacha sentimita 15 hadi 20, mizizi ya pembeni tunaifyeka yote. Kinachobaki ndicho kisiki, na kinafanana na kijiti kilichokufa. Lakini akiba yote ya chakula imo mle mzizini, na mvua ikinyesha kinachipua kwa kasi. Gunia moja linabeba visiki vya shamba zima, wakati miche ya viriba, vile vifuko vya plastiki vyenye udongo, ingehitaji gari. Shambani unatoboa shimo kwa mtaimbo, unakizamisha mpaka shingo ilingane na ardhi, unashindilia vizuri pasibaki upenyo wa hewa.

Mikono ya vijana imekuwa myekundu. Ni utomvu wa majani machanga. Ukiyafikicha tu, rangi inatoka.

Saa 8. Bada, ugali wa muhogo, kwa samaki. Jua la saa hizi halifanyiwi kazi.

Saa 9:30. Mzee mmoja anashuka kwenye bodaboda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nataka mitiki ya ekari mbili."

Namwuliza shamba liko wapi. Bondeni, anasema, palipokuwa na majaruba ya mpunga. Namwambia siwezi kumwuzia miche ya pale. Mtiki unapenda mvua nyingi na kiangazi cha miezi kadhaa, lakini maji yakituama mizizi inaoza. Anafikiri kidogo, anasema ana kipande kingine juu, kwenye mteremko. Hapo sawa. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari inaingia visiki 450 hivi. Anauliza kama atalima mahindi katikati. Ndiyo, miaka miwili ya mwanzo, kabla kivuli hakijafunga, na palizi ya mahindi ndiyo palizi ya mitiki. Namsihi pia achonge barabara ya moto, ukanda mtupu wa kuzuia moto, kuzunguka shamba, maana kiangazi mtiki hupukutisha majani, na majani yale makavu yanashika moto upesi.

Saa 11 jioni. Mbegu majini. Visiki vya mzee tunavifunga mafungu ya hamsini hamsini, tunavizungushia magunia mabichi na kuviweka kivulini. Kesho asubuhi vinaondoka.

Saa 2 usiku. Simu. Dada mmoja wa Korogwe amenitumia picha ya tuta: wiki ya nne, miche michache sana, anauliza kama alifumue apande mchicha. Namjibu asiliguse. Aongeze matandazo mepesi, amwagilie asubuhi na jioni, anitumie picha nyingine mwisho wa mwezi.