Mteja akiambiwa "subiri": ninavyoshughulikia fomu 4473 dukani

Kazi yangu ni kukagua fomu katika duka lenye leseni ya kuuza bunduki Texas, na baadhi ya wateja wetu ni Wakongo na Wakenya tunaozungumza nao Kiswahili. Huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Fomu 4473 ni fomu ya serikali kuu ya Marekani inayojazwa mtu anaponunua bunduki kwa muuzaji mwenye leseni. Sehemu ya mnunuzi hujazwa na mnunuzi mwenyewe. Muuzaji hagusi. Asiyejua kusoma au kuandika anaweza kujaziwa na mtu mwingine asiye muuzaji, kisha atie sahihi yake mwenyewe, na watu wawili wasio wauzaji watie sahihi kuwa mashahidi. Akikosea, anapiga mstari mmoja juu ya kosa, anaandika jibu lililo sawa, anaweka herufi za mwanzo za jina lake na tarehe.

Majina ndiyo yanayotusumbua zaidi. Mtu anaitwa Juma Ali Hamisi kwenye kitambulisho, lakini kwa mazoea anaandika Juma Hamisi: namrudishia fomu. Asiye na jina la kati anaandika NMN, yaani "No Middle Name". Sanduku la posta halikubaliki kuwa anwani. Kama amehama, alete pia hati ya serikali yenye anwani mpya, mfano kadi ya usajili wa gari. Nambari ya Social Security ni hiari, ila mimi huwasihi waiweke. Wakimbizi wengi karatasi zao zimeandikwa 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, na jina likiwa la kawaida ni rahisi kufananishwa na mtu mwenye kesi. Mwenye green card au hadhi ya ukimbizi anaongeza nambari yake ya uhamiaji. Aliyeingia kwa viza ya muda hauziwi, isipokuwa awe na msamaha unaotambuliwa, kama leseni halali ya uwindaji.

Kabla ya kuwasiliana na NICS, mfumo wa FBI wa kuchunguza rekodi za wanunuzi wa silaha ulioanza 30 Novemba 1998, naangalia nani anachagua silaha na nani anahesabu pesa. Kijana akishikashika bastola, akajaribu kitako, kisha dada aliye pembeni ndiye anayevuta fomu, mauzo yamekwisha hapo. Kununua kwa niaba ya mtu aliyekatazwa kuna kifungo cha hadi miaka 15 tangu sheria ya 2022. Zawadi ya kweli kwa mtu asiyekatazwa inaruhusiwa.

NICS hujibu: endelea, subiri, au amezuiwa. Penye "subiri" ndipo sheria inapovuja. Siku tatu za kazi zikipita bila jibu, muuzaji anaruhusiwa kukabidhi silaha. Siku ya kuuliza haihesabiwi: ukiuliza Alhamisi, unahesabu Ijumaa, Jumatatu na Jumanne, ruhusa inaanza Jumatano. Kwa aliye chini ya miaka 21, FBI wakiona dalili ya rekodi ya utotoni, muda unaweza kufika siku 10 za kazi.

Ruhusa hiyo si amri, na mimi siitumii. Aliyeua watu 9 kanisani Charleston, Juni 2015, alipata bastola kwa njia hiyo hiyo: FBI waliulizia rekodi yake kwa ofisi isiyohusika, siku tatu zikaisha, akauziwa. Kwa hiyo nangoja jibu kamili. Siku 30 zikipita tangu tuulize, tunauliza upya. Jibu likija siku nyingine, mnunuzi anarudi kuthibitisha majibu yake kwa sahihi na tarehe kabla ya kupokea silaha. Hatua hii husahaulika sana, na wakaguzi wa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia wauza silaha, huiona upesi.

Aliyezuiwa huniuliza sababu. Siijui, kwa kuwa muuzaji haambiwi. Nampa nambari ambayo NICS waliupa uchunguzi wake na kumweleza namna ya kuandikia FBI aombe sababu na kukata rufaa. Kama alifananishwa tu na mwingine, anaweza kuomba wamhifadhie taarifa zake na kumpa UPIN, nambari yake binafsi ya utambulisho, ambayo ataiandika kwenye fomu kila anaponunua.